Makaratasi ya Wazee Wetu Yanauzwa kwa Kilo



Usiku wa tarehe 11 Februari 2024, Kelvin Kiptum alipofariki kwa ajali ya gari karibu na Kaptagat, simu zetu hazikulala. Kila kundi la familia lilijaa picha yake: la Mombasa, la Maskati, la Dubai, hata lile letu wanawake la kupeana mapishi. Kijana wa miaka 24. Miezi minne tu nyuma alikuwa ameivunja rekodi ya dunia ya marathoni kule Chicago, saa 2 na sekunde 35. Kocha wake, Gervais Hakizimana wa Rwanda, alikufa naye garini. Nyinyi mlioko Doha mliyaona haya kabla yetu. Juni 2021 Abdalelah Haroun, naye miaka 24, naye ajali ya gari, alifariki hapo hapo mjini kwenu. Alizaliwa Sudan, akavaa jezi ya Qatar, na mwaka 2017 akaipatia shaba ya mita 400 kwenye mashindano ya dunia London.

Tulisikitika, tukatumiana dua, na baada ya siku tatu makundi yakarudi kwenye mapishi na bei za tikiti. Si neno. Dunia ndivyo ilivyo, na vijana wale wawili hawana hofu ya kupotea: andika jina tu, mbio zao zinatokea, na sauti ya mtangazaji juu yake. Mie leo nataka kusema juu ya wale waliotangulia na mbio zao zikabaki kwenye karatasi. Na karatasi zenyewe, jamaa zangu, nyingi ziko majumbani mwetu sisi, au zilikuwako mpaka tulipozitoa.

Mwaka jana nilikaa Maskati kwa binti yangu mwezi mzima. Siku moja baada ya chakula cha mchana niliwauliza wajukuu na marafiki zao: Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu katika mashindano makubwa ya riadha ya kimataifa ni nani? "Kipchoge!" akaruka mmoja. Nikamuuliza Kipchoge yupi, wa 1968 au wa juzi? Hakujua kama wapo wawili. Mwengine, mwerevu, alipekua simu yake akasema Naftali Temu. Hapo alikaribia. Temu, aliyefariki 2003, ni wa kwanza kwa dhahabu ya Olimpiki, mita 10,000, Mexico City mwaka 1968. Lakini miaka sita kabla ya Temu, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1962 mjini Perth, Australia, kijana wa Mombasa alishinda yadi 100, kisha akashinda na yadi 220. Jina lake Seraphino Antao.

Mombasa! Si Eldoret, si Iten, si Kisii. Mtoto wa Kigoa aliyezaliwa mjini petu mwaka 1937, akapata mbio zake ndani ya joto hili hili linalotulaza sisi mchana. Miaka miwili baada ya Perth, Kenya ilipoingia Olimpiki ya Tokyo kwa mara ya kwanza ikiwa nchi huru, aliyetangulia na bendera mbele ya wenzake alikuwa ni yeye. Kule Tokyo Wilson Kiprugut, ambaye naye ametutoka Novemba 2022, alipata shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya. Jina la Kiprugut likaingia vitabuni. Antao akahamia London, akaishi huko mpaka alipofariki Septemba 2011.

Kwa nini huyu amesahaulika? Nitaambiwa ni kwa sababu alikuwa wa mbio fupi, na Kenya sifa yake ni mbio ndefu. Hiyo ni nusu ya maneno. Nusu ya pili ni kwamba waliomwona akikimbia hawapo. Wagoa wenzake wako London na Toronto. Waarabu na Wahindi waliosimama juani kumshangilia wamekwenda Manga, wamekwenda Uingereza, au wamekwenda kwa Mola wao. Mji ukibadilisha watu, aliyehama anakuwa kama hakuwapo kabisa. Sisi hilo halihitaji kufunzwa. Ni mara ngapi tumezaliwa mahali, tumezika wazee wetu mahali hapo, na bado mtu anakuuliza, "Lakini nyinyi hasa ni wa wapi?"

Sasa nije kwenye vitabu.

Karibu na Marikiti kuna kijana anayetandaza vitabu vya zamani juu ya turubai la buluu. Jina lake simtaji, hakuniruhusu. Watu wa Nairobi wana neno zuri kwa maduka kama haya, huyaita "inama", kwa kuwa lazima uiname ndipo uchague. Mimi kwa magoti haya siinami tena, hunitolea kigoda. Mkate wake zamani ulikuwa vitabu vya shule. Januari mzazi analeta vya mtoto aliyepanda darasa, anaongeza kidogo, anachukua vya darasa jipya. Mtaala wa 8-4-4, tangu ulipoanza 1985, uliwalisha watu hawa miaka na miaka. Kisha ukaja mtaala mpya, na serikali ikaanza kupeleka vitabu shuleni yenyewe moja kwa moja, na lile rundo lake la hisabati za darasa la saba likawa halina kazi ila kufungia njugu. Ndipo alipogeukia vya kale: riwaya, vitabu vya dini vilivyopigwa chapa Misri, majarida, albamu za picha, karatasi za ratiba za mashindano, hata barua za watu. Ananunua kwa nani? Kwa mahamali.

Na hamali anavipata wapi? Kwetu.

Mnaujua utaratibu kama ninavyoujua. Mzee anafariki, Kibokoni au Kuze. Watoto wako Maskati, Sharjah, Leicester. Wanakuja wiki mbili; ya kwanza ni matanga, ya pili ni wakili. Makochi anapewa jirani. Makabati ya msaji anayachukua mfanyabiashara wa vitu vya kale, na analipa nusu ya nusu. Sahani za kichina zinagawanywa na akina dada, nazo huzaa ugomvi wa miaka kumi. Misahafu inachukuliwa kwa heshima yake. Halafu yanabaki "makaratasi", na tikiti ni ya kesho usiku. Anaitwa hamali, anapakia mkokoteni, anakwenda kwenye mizani. Na kilo ni kilo: risiti za stima, kitabu cha simu, na picha ya timu iliyosimama uwanjani mwaka 1959, zote bei moja.

Anayesimama baina ya makaratasi hayo na mkaanga bajia ni yule kijana wa turubai. Hana cheti cha ukutubi, ana macho tu. Chenye picha anakiweka kando. Chenye mhuri anakiweka kando. Chenye mwandiko wa Kiarabu anakinyanyua kutoka chini kwanza, ndipo aulize ni nini. Nimeona watu waliosoma kuliko yeye wasiofanya hivyo.

Ramadhani iliyopita aliniwekea daftari. Ni daftari kubwa la hesabu za duka, lile la mistari myekundu, na mwenyewe alikuwa amebandika juu ya hesabu zake vipande vya magazeti ya michezo kwa gundi ya unga. Mpira, magongo, kriketi, riadha. Hakuandika jina lake popote. Ameandika tarehe tu kwa penseli, ya Kiislamu upande mmoja na ya Kizungu upande wa pili. Kijana akafungua ukurasa, akaniwekea kidole juu ya mtu anayekata utepe.

"Mwalimu, huyu Mzungu ni nani?"

Nikamwambia si Mzungu huyo, ni Antao, Mgoa wa hapa hapa Mombasa.

"Wa hapa?" Akalivuta daftari kwake, akaliangalia tena. "Na mazoezi alikuwa akifanyia wapi?"

Nimefundisha historia miaka 31, na maswali mazuri kama hilo nayahesabu kwa vidole. Daftari alitaka shilingi 500, akaniachia kwa 400.

Ndani yake kuna picha ya timu ya mpira, sita wamesimama na watano wamechutama, na maelezo ya chini yamekwenda na mkasi. Nilianza kupiga simu. Mzee mmoja aliyeko Sur alimtambua mlinda mlango kwa lakabu, jina lake halisi akalikumbuka baada ya siku mbili, alfajiri, akanipigia hapo hapo. Mwengine Dubai alimjua mmoja kwa namna anavyoweka mikono. Mpaka sasa nimepata majina saba kati ya kumi na moja. Watano kati ya saba hao ni marehemu, Mwenyezi Mungu awarehemu. Na wajukuu wa mmoja wao, walioko Sharjah, hawakujua kabisa kwamba babu yao aliwahi kugusa mpira. Wao walimjua mzee wa tasbihi na ugonjwa wa sukari. Mjukuu mkubwa aliniomba nimpelekee picha, na baada ya nusu saa akauliza: "Bibi, alikuwa akicheza upande gani?"

Majibu ya maswali kama hayo hayako mtandaoni, msijidanganye. Mwaka 1965 klabu ya Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa ligi ya taifa ya Kenya. Hebu mwambie kijana wenu atafute. Atapata mstari mmoja, mwaka na jina la klabu. Aliyefunga, aliyeumia, aliyelia, gari gani liliwarudisha nyumbani, hayo yamo vichwani mwa wazee wachache, na wengi wao wanasali Ijumaa kwenye misikiti ya huko huko mliko. Nusu ya kumbukumbu iko kwenye turubai karibu na Marikiti na nusu ya pili iko Ruwi inakunywa chai ya maziwa. Hazijakutanishwa.

Najua nitaambiwa hiyo ni kazi ya serikali, ya makumbusho, ya nyaraka. Sikatai. Zanzibar wana Nyaraka za Taifa pale Kilimani, sisi tuna makumbusho ya Fort Jesus. Lakini watu wa makumbusho na nyaraka hupokea wanacholetewa. Hawatapiga hodi Kibokoni siku ya tanga kuuliza kama marehemu alikuwa mkimbiaji.

Na nitaambiwa pia, na hili husemwa na watu wetu kwa sauti ya chini, kwamba michezo ni upuuzi, kwamba si jambo la kumkumbukia mtu. Nyumba nyingi zetu picha ya babu na kanzu na jambia imetundikwa barazani, na picha ya babu huyo huyo na kaptura ya mpira imefichwa chini ya mashuka. Shangazi yangu mmoja alikuwa na picha ya mumewe na timu, amemkata kwa mkasi kuanzia kiunoni kwenda chini. Stara ni jambo jema. Ila mtu aliyeamka alfajiri akakimbia kabla ya kufungua duka, miaka kumi, bila malipo, huyo alikuwa na nidhamu ambayo tunawatafutia watoto wetu kwa pesa nyingi.

Kwa wanawake ndiyo mbaya zaidi, maana wao huwa tunawakumbuka kwa walivyokufa. Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, na kila mtu anajua hilo. Wangapi wanajua kwamba alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika 2015, na kwamba ana shaba mbili za dunia za mita 10,000, na ya pili aliipata Doha mwaka 2019? Huenda baadhi yenu mlikuwamo uwanjani. Mwezi mmoja tu kabla ya kuuawa alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani, mbio za wanawake peke yao, dakika 30 na sekunde 1. Na Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyechomwa moto akafariki Eldoret Septemba 2024, mwezi mmoja nyuma alikuwa Paris akikimbia marathoni ya Olimpiki.

Hili linaniuma kwa sababu yangu mwenyewe. Nilifundisha sekondari ya misheni, ya wasichana. Mimi na buibui langu kwenye chumba cha walimu kilichojaa masista, na tulipendana vizuri tu. Shule siitaji. Sista mmoja, marehemu sasa, alikuwa na kitabu cheusi cha michezo: kila mwaka, kila mchezo, jina la msichana na kiasi alichopata. Aliandika kwa wino, na akikosea hafuti, anapiga mstari mmoja mwembamba na kuandika upya. Miaka ya themanini tulikuwa na msichana wa Kigiriama, mrefu, mnyamavu, aliyekuwa akiruka juu hata watu wanaacha kula miwa. Aliolewa, akafariki kwenye uzazi wa pili. Miaka mitatu iliyopita binti yake alinitafuta mpaka akanipata. Alitaka kitu kimoja tu: mama yangu aliruka kiasi gani? Nikamwambia aliwashinda wote. Akasema, "Hilo nimeambiwa, Mwalimu. Kiasi gani?" Nikapiga simu shuleni. Stoo ilisafishwa zamani, kila kilichokuwamo kilikwenda kwa kilo. Tangu siku hiyo kila nipitapo kwenye turubai la vitabu naangalia kwanza vyeusi.

Kwa hiyo mtu akiniambia wauza vitabu wa njiani ni wachafuzi wa mji, mie simwelewi. Njia ya miguu ni haki ya mpita njia, hasa mwenye magoti kama yangu, na sitaki mtu anipangie masufuria mbele ya mguu. Lakini muuza vitabu anahitaji ukuta wa mita tatu na kivuli. Amri za kuondoa wachuuzi zikitoka, mwenye nguo hukunja furushi akakimbia. Mwenye vitabu hawezi kukimbia, na kitabu kikinyeshewa mara moja basi. Nyinyi wenyewe mkienda Cairo mnapiga picha Azbakiya kwenye vitabu vya zamani. Mtaa wa Al-Mutanabbi wa Baghdad ulilipuliwa kwa bomu Machi 2007, watu wakauawa katikati ya vitabu, na leo wauzaji wamerudi na vitabu viko chini tena. Mji unaojiheshimu hutafuta mahali pa watu hawa. Wenye majengo pale mjini, na baadhi yenu mnayo, mnaweza kumpa mmoja wao kibaraza chenu bure na msipungukiwe na kitu.

Na kwa nyumba za wazee, ninachoomba ni kidogo. Kabla ya hamali kuitwa, mtu mmoja akae na makaratasi siku moja, mtu anayesoma taratibu, si yule anayetafuta hati ya nyumba peke yake. Picha zenye watu wengi zipelekwe kwa mzee aliye hai kabla ya kupelekwa popote, na majina yaandikwe nyuma kwa penseli, si kalamu ya wino, wino hutoboa. Msipotaka kuviweka, basi mwiteni muuza vitabu aje nyumbani achague mwenyewe. Atalipa zaidi ya mizani, na nyinyi mtajua kimekwenda wapi.

Kuna nyumba moja Kibokoni inauzwa mwezi ujao. Wenyewe wako Abu Dhabi, watu wazuri, na babu yao, kwa alivyoniambia yule mzee wa Sur, ndiye wa tatu kutoka kushoto katika wale waliochutama. Nimewaomba ufunguo wa chumba cha juu kwa siku mbili tu. Wameusoma ujumbe wangu, nimeona. Jibu bado.